Bibi Hakuwa na Homa

Simu ya mama mdogo iliingia saa tatu usiku, mwezi wa pili mwaka jana, wiki ya testi. Nilikuwa kimbwetani na wenzangu wanne, tumeizunguka karatasi moja ya mtihani wa zamani kama kuku kwenye mtama. Nikasogea pembeni.

"Bibi yako ameanza kuchanganya mambo," akasema. "Leo kaniita kwa jina la marehemu dada yake. Chakula hagusi, toka juzi ni uji vijiko viwili tu. Tumempeleka zahanati, wamempima, hana homa. Malaria hana. Wamesema ni uzee."

Nikamjibu, "Basi mama, apumzike. Na mwambieni apunguze mawazo."

Halafu nikarudi kwenye karatasi. Siku ya nne bibi akaanguka akienda chooni alfajiri. Jirani mwenye gari akamshusha mpaka hospitali kubwa, saa mbili za barabara ya milima ya Lushoto. Daktari wa kwanza aliyemwona hakuanza na kipimajoto. Aliangalia saa yake, akahesabu pumzi za bibi kwa dakika nzima: 32. Picha ya eksirei ikaonesha pafu la kulia limejaa. Nimonia. Kwa Kiswahili tunaiita homa ya mapafu, na bibi yangu alikuwa nayo bila homa. Kipimajoto cha pale nacho kilisema 37.2, sawasawa na kile cha zahanati.

Alilazwa siku kumi na moja. Yupo, namshukuru Mungu, ila anatembelea fimbo na shamba la mahindi halifikii tena. Mama mdogo anasema tusihesabu zile siku nne. Mimi nazihesabu, kwa sababu mwenye jibu la "apunguze mawazo" ni mimi, tena mimi ninayesoma niwe mwalimu wa Baiolojia.

Ninachotaka kusema kwa wanachuo wenzangu ni hiki: sisi wenye miaka ishirini na kitu tunawapima wazee wetu kwa miili yetu. Tukiugua tunachemka, tunatetemeka, tunajifunika, baada ya siku tatu tuko uwanjani. Tukipata msongo, mtihani ukiisha tunalala masaa kumi na nne tunaamka wapya. Tunadhani ndivyo mwili wa binadamu unavyofanya kazi. Kumbe ndivyo unavyofanya kazi mwili wa kijana. Kwa mzee, mazungumzo kati ya mfumo wa fahamu na seli za kinga yamebadilika, na ishara tunazozisubiri huenda zisije.

Lugha yenyewe inatupoteza kidogo hapa. Kiswahili kinasema "ana homa" kikimaanisha ana joto, na pia kikimaanisha anaumwa. Homa ni malaria, homa ni mafua makali, homa ni chochote. Kwa hiyo mtu akisema "hana homa", sikio linasikia "haumwi". Sidhani kama mhudumu wa zahanati alikuwa mzembe. Alifanya tulichofundishwa sote: weka kipimajoto, soma namba, toa jibu.

Sasa homa inatokaje? Naomba mnivumilie, nitaeleza kama niko darasani. Seli nyeupe za damu zikikutana na vimelea, zinatoa kemikali za kupeleka ujumbe, zinaitwa saitokaini. Ujumbe unafika ubongoni kwa njia ya damu, na pia unapitia neva ya vagasi, ule mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kichwani ukapita shingoni, moyoni, mpaka tumboni. Ubongo, kwenye kasehemu kadogo kanakoitwa haipothalamasi, unapandisha kiwango cha joto unachokitaka. Hapo ndipo mishipa ya damu ya ngozi inasinyaa, misuli inatetemeka, unaomba blanketi wakati unachemka. Homa basi si kazi ya vimelea. Seli za kinga zimepiga simu na ubongo umepokea, ukatoa amri.

Kwa mzee, simu hiyo inaweza kukatika sehemu kadhaa. Seli zinaweza kutoa ujumbe hafifu. Ubongo unaweza kuitikia polepole. Hata amri ikitoka, misuli imepungua na ngozi haibani joto kama zamani. Madaktari wanaokusanya takwimu za wazee waliolazwa kwa maambukizi makubwa wanakuta kati ya asilimia 20 na 30 hawana homa kabisa, au wanayo kidogo mno. Ongeza na hili ambalo halimo vitabuni kwetu: wazee wengi wanaumwa magoti, wanameza Panadol au diklofenaki kila siku, na dawa hizo huzuia kemikali ileile inayopandisha joto ubongoni. Bibi yangu alikuwa na kifuko cha diklofenaki kwenye pindo la khanga. Hakuna aliyemuuliza, sisi wajukuu tukiwa wa kwanza.

Badala ya homa, mzee anaweza kuchanganyikiwa ghafla. Anaweza kuanguka, kukataa chakula, kuanza kujikojolea wakati hakuwa hivyo, kupumua haraka. Bibi alikuwa na dalili tatu kati ya hizo kabla hata hajaanguka, na sote tukaziweka kwenye kapu moja la "uzee".

Nilivyorudi chuoni nikawa na hasira isiyo na mahali pa kwenda, nikaipeleka maktaba. Nilichokikuta huko kilinishangaza kwa sababu kilianzia kwenye somo ambalo sisi wa elimu tunalichoka kabisa: Saikolojia ya Elimu, sura ya Pavlov na mbwa wake. Nani hajaikariri? Kengele, chakula, mate, kengele peke yake, mate. Unaandika kwenye testi, unasahau.

Hakuna mhadhiri aliyewahi kuniambia kilichotokea kwa sura hiyo huko Rochester, Marekani, miaka ya 1970. Robert Ader alikuwa mwanasaikolojia, si mtu wa damu wala kinga. Alikuwa anawapa panya maji matamu yenye sakarini, kisha anawachoma sindano ya dawa ya kuwatia kichefuchefu ili wachukie yale maji. Pavlov mtupu. Baadaye akawapa maji matamu peke yake, aone watasahau baada ya muda gani. Panya wakaanza kufa, na waliokunywa zaidi ndio waliokufa zaidi. Ile dawa, saiklofosfamaidi, mbali na kichefuchefu hushusha kinga ya mwili. Ader akajiuliza swali ambalo kwa wakati ule lilionekana la kipuuzi: je, panya hawa wamejifunza kushusha kinga yao kwa kuonja utamu tu? Akaungana na Nicholas Cohen, aliyeijua kinga, na mwaka 1975 wakachapisha jibu. Panya waliozoeshwa hivyo, wakipewa maji matamu bila dawa, walitengeneza kingamwili chache kuliko wenzao. Yaani kinga inaweza kufundishwa. Sisi walimu tunapaswa kuruka kwa furaha tukisikia hivyo.

Lakini swali likabaki: ujumbe unapita wapi kutoka ubongoni? Ndipo akaja David Felten, miaka ya 1980, akiangalia vipande vya bandama kwa hadubini. Alikuta nyuzi za neva zinazotoa noradrenalini haziishii kwenye mishipa ya damu kama ilivyodhaniwa. Zinaingia mpaka katikati ya seli nyeupe na kukaa nazo bega kwa bega. Zipo kwenye bandama, zipo kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani tunaziita mitoki. Waya upo, unaonekana kwa macho.

Halafu Felten na wenzake, Denise Bellinger akiwemo, wakaangalia panya wazee. Kwenye bandama na tezi za limfu zao nyuzi zile zilikuwa zimepungua sana. Kwenye tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua na ndiko baadhi ya seli za kinga hukomaa, hali ilikuwa kinyume: tezi inasinyaa lakini nyuzi zimebaki, kwa hiyo zimesongamana kwenye nyama kidogo iliyosalia. (Msijione salama. Thaimasi huanza kusinyaa mapema sana, na ya kwako msomaji wa mwaka wa pili tayari ina mafuta.) Kwa hiyo uzee hauzimi tu mfumo mzima kama LUKU iliyoisha. Mahali pengine waya zinakatika, mahali pengine zinajaa kupita kiasi. Mfumo bado unaongea, ila kwa namna nyingine.

Kuna upande wa pili wa mazungumzo haya, ule wa kutuliza. Mwaka 2000 kundi la Kevin Tracey kule New York lilionesha kwamba ukiamsha neva ya vagasi ya panya aliyepewa sumu ya bakteria, seli zake za kinga zinapunguza ukali na panya anaokoka na mshtuko. Neva hiyo, pamoja na kazi nyingine nyingi, ni breki. Na tunajua nguvu ya vagasi juu ya moyo hupungua umri ukisogea. Mwaka huohuo 2000, Claudio Franceschi wa Italia alieleza hali ya wazee kuwa na mwako mdogo wa kinga usiozimika mwilini, hata pasipo na jeraha wala kimelea kinachoonekana. Nyumbani tungeuita moto wa pumba: hauwaki, haufi, unakula taratibu chini kwa chini. Unaweza kuwa na mzee ambaye kinga yake inafuka mwaka mzima, halafu siku adui wa kweli anaingia inashindwa hata kupandisha joto. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Sasa turudi kwenye "punguza mawazo", kwa sababu hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Bibi alimuuguza babu miaka mitano. Babu alianza kusahau mwaka 2017. Kwanza alisahau majina, halafu njia ya kurudi kutoka msikitini, mwisho akasahau kwamba bibi ni mke wake, akawa anamwita "yule mama". Bibi akawa anamwogesha na kumlisha. Usiku alilala na kamba ya mlango mkononi ili babu asitoke nje. Tulikuwa tunapiga simu. "Bibi shikamoo." "Marahaba mume wangu, unasoma?" "Nasoma bibi. Babu hajambo?" "Yupo." Hilo "yupo" sikuwahi kulichimba. Babu akafariki 2022, na wakati wa arobaini wazee wakasema sasa mama atapumzika. Mimi pia niliamini hivyo. Mzigo umetuliwa, mwili utarudi. Kwangu ungerudi.

Huko Ohio, Marekani, Janice Kiecolt-Glaser na mumewe Ronald Glaser walitumia miaka mingi kuwachunguza watu kama bibi. Mwaka 1995 walichukua wanawake 13 waliokuwa wanauguza ndugu mwenye ugonjwa wa kusahau, na wengine 13 wa umri uleule wasiouguza mtu. Kila mmoja alitobolewa kidonda kidogo mkononi, milimita tatu na nusu. Wasiouguza walipona kwa wastani wa siku 39. Waliouguza, siku 48 na zaidi. Mwaka uliofuata walichunguza chanjo ya mafua kwa wanaouguza wake au waume zao: waliofanikiwa kujenga kinga ya kutosha walikuwa wachache kuliko kwa watu wa kawaida. Mwaka 2003 ukaja utafiti ambao niliuprinti nikaubandika ukutani hosteli. Kwa miaka sita walipima damu ya wauguzaji, wakiangalia saitokaini moja inayohusishwa na ule moto wa pumba. Kila mtu hupanda umri unavyosogea. Wauguzaji walipanda kwa kasi karibu mara nne. Na kwa wale ambao mgonjwa wao alishafariki, hata miaka kadhaa baadaye, kasi haikushuka.

Kiswahili kilikuwa kimeyaweka karibu maneno haya muda wote: kuugua, kuuguza.

Sasa linganisheni na sisi. Watafiti haohao, mwaka 1998, waliwatoboa wanafunzi 11 wa udaktari wa meno kidonda kidogo kwenye kaakaa, mara moja wakati wa likizo na mara nyingine siku chache kabla ya mtihani. Kidonda cha wakati wa mtihani kilichelewa siku tatu, yaani asilimia 40 zaidi, na hapakuwa na hata mmoja aliyepona mtihanini haraka kama alivyopona likizo. Tulio chuoni hatushangai, wiki ya UE kila chumba kina mtu mwenye mafua. Lakini tazameni: likizo iliwarudisha. Kwa kijana ubongo una breki nzuri. Kotisoli, homoni ya msongo inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, ikipanda, ubongo unaisikia na kusema inatosha. Robert Sapolsky, ambaye wengi wanamjua kwa miaka aliyokaa Kenya akichunguza nyani wa Masai Mara, alionesha na wenzake miaka ya 1980 kwamba panya mzee akishatishwa, homoni hiyo inachelewa kushuka. Tishio limeondoka, kengele bado inalia. Na homoni hiyo ni moja ya njia kuu ambazo ubongo huamrisha seli za kinga.

Kwa binadamu hali inatofautiana sana, si kila mzee yuko hivyo, na hilo lazima lisemwe. Wala sisemi kwamba kumuuguza babu ndiko kulikomletea bibi nimonia. Hakuna anayeweza kujua hilo kwa mtu mmoja. Bakteria wapo, baridi ya Lushoto ipo, moshi wa kuni upo. Ninachosema ni kwamba nilimpa ushauri unaomfaa mtu wa miaka 22. Mawazo ya bibi hayakuwa kichwani kwamba angeyapunguza akiamua. Yalikuwa kazi: ndoo ya maji, shuka za kufua, kamba ya mlango. Ukimwambia mzee wa aina hiyo apunguze mawazo, umemwongezea kazi moja, ya kujilaumu. Tungetaka kupunguza kitu, tungepunguza ndoo. Tulikuwa wajukuu tisa. Likizo zote za miaka ile mimi nilikaa Dar nikisema nauli hakuna, na mara mbili kati ya hizo nauli ilikuwepo.

Rafiki yangu anayesoma uuguzi alisoma rasimu ya makala hii akanipinga, na naona ni haki niseme alichosema. "Wewe ukiwatia watu hofu," akasema, "kila mzee aliyekosa usingizi ataletwa wodini, atachomwa antibayotiki za bure, na zile dawa zitazoeleka na wadudu. Halafu panya na Wamarekani wanahusiana nini na bibi wa Lushoto?" La kwanza amelisema vizuri, na mimi siombi dawa zaidi. Naomba watu wahesabu pumzi. Inahitaji saa na dakika moja. Mwongozo wa madaktari wa maambukizi wa Marekani kwa wazee wa nyumba za kulelea unasema pumzi zikizidi 25 kwa dakika umfikirie nimonia. Unasema pia, kwa wazee, joto la mdomoni likizidi 37.8 ihesabiwe homa, au likipanda zaidi ya nyuzi 1.1 juu ya kawaida ya mzee mwenyewe. Kawaida yake mwenyewe. Nani kati yetu anaijua ya bibi yake?

La pili, la Wamarekani, nalo ni kweli kwa kiasi. Wanawake 13 wa Ohio si wanawake wa Usambara. Lakini bandama ni bandama, na mtu anayetumia hoja hiyo awe tayari kuitumia pia kwa kila dawa anayomeza. Ningefurahi zaidi mwenzetu wa hapa angepima vidonda vya bibi zetu wanaolea wajukuu watano kwa jembe. Labda kuna mtu wa mwaka wa kwanza anasoma hapa na hajachagua mada ya utafiti.

Upande wangu mimi ni darasani. Kwenye muhtasari niliosomea, kinga iko kidato cha kwanza, na mfumo wa fahamu uko kidato cha tatu. Kati yao kuna miaka miwili na likizo nne. Hakuna ukurasa unaoziunganisha. Mwanafunzi anatoka na picha ya miili miwili: mmoja wa askari weupe wanaopigana na vimelea, mwingine wa nyaya zinazotoka kwenye uti wa mgongo. Na uzee hauko popote, isipokuwa kwenye hatua za ukuaji, mstari mmoja mwishoni baada ya utu uzima. Tunafundisha Baiolojia ya mtu wa miaka 20 tukaiita Baiolojia ya binadamu, halafu mwanafunzi huyo anakuwa mhudumu wa zahanati, au anakuwa mimi kwenye simu.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya kata, binti wa dawati la mbele aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo ubongo unajua kama tuna mafua?" Nilikuwa nafundisha aina za neva, kipindi kimebaki dakika sita, msimamizi wangu amekaa nyuma na fomu yake. Nikamwambia hiyo ni mada ya mbele. Nilimdanganya. Hakuna mada ya mbele. Lile lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa kwa wiki nane, na lilikuwa na majibu toka mwaka 1975.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Kwenye vituo vingi vya afya kuna tangazo la kuomba mzee apishwe kwanza. Bibi alipishwa, mama mdogo anasema watu walimpisha vizuri sana, hakukaa foleni hata dakika tano. Aliingia haraka, akapimwa kama kijana, akatoka haraka.

Bumu la mwisho lilipoingia nilinunua kipimajoto, kile cha kidijitali. Likizo nikakipeleka nyumbani na daftari la kurasa arobaini. Kwa wiki tatu nilimpima bibi asubuhi na jioni akiwa mzima, hajameza dawa ya magoti, hajanywa chai. Namba zilicheza kati ya 35.8 na 36.1. Siku ya tano hivi ndipo nilipotoa penseli nikafanya hesabu ndogo pembeni ya ukurasa. Kama hiyo ndiyo kawaida yake na kabla ya kuugua ilikuwa hivyohivyo, basi ile 37.2 ya zahanati ilikuwa imepanda zaidi ya nyuzi moja na pointi moja. Siwezi kuapa, maana hakuna aliyempima kabla. Lakini kwa mwongozo ule, bibi alikuwa na homa. Homa yake yeye, iliyoandikwa kwenye karatasi ile, ikasomwa na watu watatu.

Daftari nimemwachia mama mdogo. Kila Jumamosi ananitumia namba mbili kwa simu, ya joto na ya pumzi. Diklofenaki tulizungumza na daktari, zimepunguzwa. Binamu yangu wa Korogwe amekubali kupanda mlimani kila mwezi kubeba maji na kuni, na mimi nimechukua Desemba na Juni.

Bibi mwenyewe anaona nimechanganyikiwa. Juzi kanipigia, kaniambia, "Mume wangu, kila siku unanipima, unanipima. Mahari utaleta lini?"